Chupa ya Kupigia Photo

Beni, Mulekera

Mama yangu mupenzi,

Nakusalimia sana, weye na baridi yako ya Butembo. Magoti ingali inakuuma, ao ile dawa ya kupakaa ilikusaidia? Miye niko muzima, na leo nimekula nikashiba, mara ya kwanza tangu siku mingi. Nakuandikia juu simu yako unaiwekaka haut-parleur, nyumba muzima inasikia.

Mama, tumepona! Shangazi ya fiancé yangu Paluku alikuja huku, ameona, amekubali. Mbuzi za mahari zitakuja.

Nikuelezee vizuri. Ile photo yenye ilileta matata, tuliipiga siku ya anniversaire ya kuzaliwa kwa Masika, mwenye tunasukaka naye nywele ku salon. Tulienda mu nganda moja ya kuuzisha bia, tukaagiza brochette za nyama na sucré, soda tu. Mwenye nganda ako na chupa moja kubwa ya bia ku meza ya comptoir, ya kupigia photo tu. Ukinunua brochette, anakuazima. Unaipeleka ku mudomo, vidole vinaficha kifuniko, unafunga macho kidogo. Basichana ba huku njo namna banafanyaka, ili batu baseme uko mutu wa mujini. Na miye mujinga nikaweka ku statut ya telefone, batu bote baone.

Sikufikiri kama jamaa ya Paluku, balokole namna ile, batu ba kuokoka, banaangaliaka statut! Paluku aliniambia namna ulibajibu wakati balikuja kwako na ile photo mu telefone: "Mutoto yangu hanywake. Kama alikunywa, mubakie na mbuzi zenu, na miye natoka mu chorale ya kanisa." Hata haukuniuliza kwanza. Nililia, Mama. Niliogopa nikufanye mwongo mbele ya bakwe.

Basi shangazi akapanda gari, akakuja kuchunguza yeye mwenyewe. Ee, yule mama! Siku tatu alikuwa ananusa kikombe yangu ya chai. Juzi asubuhi akasema: "Nipeleke kwenye ulipigia ile photo." Tukaenda. Mwenye nganda akacheka, akamuwekea chupa mu mikono. Karatasi yake ya jina imeshafutika sababu ya mikono ya basichana, lakini kifuniko haijafunguka hata siku moja. Shangazi akaigeuza, akaangalia juu, akaangalia chini.

"Donc haukukunywa?"

"Hapana, shangazi."

"Lakini ulitaka batu baamini kama ulikunywa?"

"Ndiyo."

"Mungu wangu! Siye tulikuwa tunaficha mabaya yenye tulifanya. Nyinyi munaonyesha mabaya yenye hamukufanya!"

Akacheka mupaka akatafuta kiti. Halafu akaniagizia sucré.

Photo nimeifuta. Unisalimie Baba, na kaka yangu wa mashamba kule Mangina, na bamama bote ba chorale. Ubaambie unabakia.

Sasa neno ya weye peke yako. Shangazi njo anabeba hii barua, lakini nimeifunga na scotch mara mbili. Siku ile, wakati chupa ilifika mu mikono yangu, nilijaribu kuifungua na meno. Mwenye nganda akaninyanganya. Kama ingefunguka, Mama, ningekunywa. Unisamehe, na shangazi usimwambie.

Mutoto yako,
Kahindo