Upande wa Kushoto wa Pacha

Jumatano, 14 Mei 1975

Daftari hili ni la vipimo vya milango. Leo nimelianza kwa nyuma, maana kuna jambo limenikaa kifuani.

Bwana Modest wa ofisi ya ujenzi kanipa kazi ya kivuko cha bwawani. Kaja na picha aliyoikata gazetini: mashua mbili zimelala sambamba, juu yake sakafu moja, watu wameketi kwenye mabenchi. Anaiita katamarani. Hiki cha kwanza kikifaulu vitajengwa vingine, wanaofanya kazi mjini wasizunguke tena bwawa kwa miguu. Nikamuuliza kwa nini mimi. Kasema mimi Mzaramo, mtu wa pwani.

Mtu wa pwani! Babu ndiye aliyekuja na misafara, akaoa hapa, akazikwa hapa. Mimi nimezaliwa papa hapa bara, mtaa wa Chemchem. Bahari sijaiona hata siku moja! Natengeneza milango na vitanda. Mafundi wa mitumbwi wamejaa Ujiji, ni kupanda treni tu. Nilipaswa kusema hivyo. Nikasema inshallah. Sifa hizi zitaniponza.

Jumapili, 1 Juni

Mashua ya kulia imekwisha. Mninga mkavu, umekaa darini kwangu miaka mitatu. Kwenye maungio hata wembe haupiti.

Ya kushoto — mbao kavu zimekwisha. Nilizoletewa zimekatwa juzi juzi, mbichi kabisa, ukipiga msumari zinatoa maji. Nimemwomba Bwana Modest miezi miwili. Kasema Saba Saba haiahirishwi, mgeni rasmi keshaalikwa. Nikazibeba.

Lakini mlango wa mbao mbichi nao hupungua kiangazi, masika ukajaa, ukafunga vizuri. Mara ngapi nimefanya? Mbao ni mbao.

Mke wangu Kuluthumu kauliza mbona sili. Nimesema tumbo.

Jumatano, 18 Juni

Imeshuka majini! Watu wameshaipa jina — Pacha. Tumepakia mifuko ya mchanga, uzito wa watu arobaini. Halikuingia hata tone. Bwana Modest kanipa mkono mara mbili.

Nahodha atakuwa Shilinde, yule mwenye mtumbwi. Mnyamwezi, mtani wangu. Utani wao na sisi Wazaramo ni wa tangu misafara, na hakuna kununa. Kaniomba nimwachie sanda yangu kabisa, maana siku nitakayopanda chombo changu mwenyewe ndiyo siku ya kunizika. Watu wakavunjika mbavu, na mimi nikacheka. Baadaye nilimwona kachuchumaa peke yake, anautazama upande wa kushoto. Muda mrefu.

Mwanangu Mwanamkuu anakaa ng'ambo. Mwaka jana walihamishiwa huko, yeye na mumewe, kijiji kipya cha Ujamaa. Anafagia hospitalini Kitete, huku mjini. Hutoka gizani kila siku alizunguke bwawa. Keshachagua benchi lake — kushoto, karibu na ngazi.

Jumamosi, 5 Julai

Nimekwenda kuiangalia. Afadhali nisingekwenda.

Ndani kukavu. Lakini nimeinama nje, upande wa kushoto, juu ya maji — mbao zimeachana. Wiki mbili na nusu za jua na upepo, lami imepasuka, kucha yangu inapita. Zilizo chini ya maji zimeshiba, zimebana. Za juu zimekauka. Ikiwa tupu, salama. Wakijaa watu itashuka mpaka kwenye nyufa, na maji yataingia yenyewe kama yamekaribishwa.

Mlango haupakii watu. Mjinga mimi!

Nimeziba kwa pamba na lami mpaka vidole vinauma. Lami ikaisha, nyufa zimebaki karibu nusu. Stoo ya ofisi imefungwa mpaka sikukuu ipite.

Jumapili, 6 Julai

Nimemfuata Bwana Modest kwake. Nimemwambia yote, mpaka zile mbao mbichi. Kasema nimeingiwa na woga wa sherehe tu. Mchanga haukuzama, watu watazamaje? Akaniletea chai. Sikuweza kuinywa.

Kuluthumu kasikiliza bila kunikatiza, kisha kasema: "Basi mwambie mwanao asipande."

Nimelizunguka bwawa kwa miguu. Mwendo wa saa tatu na nusu, njia anayopita yeye kila siku. Mwanamkuu kanipa shikamoo, kanipa maji, kanisikiliza. Kasema, "Baba, umekitengeneza wewe. Nisipopanda mimi, nani atapanda?"

Nimelala kwake.

Jumatatu, 7 Julai

Naandika humu humu ndani ya Pacha, penseli inacheza.

Asubuhi, huku kijijini ilikoletwa Pacha tupu, walinisimamisha mbele ya watu niseme neno la fundi. Nikasema. Kwa sauti, Mungu shahidi: "Upande wa kushoto mbao ni mbichi. Zina nyufa. Msipande leo." Kisha Shilinde akapaza sauti: "Mzaramo anataka apande peke yake, sisi tuzunguke kwa miguu!" Kicheko. Makofi. Nikarudia, wakacheka zaidi. Nikamshika Mwanamkuu mkono, kacheka naye, kapanda. Watu hamsini na mbili nimewahesabu. Sisi tulipima arobaini.

Nimepanda. Ningefanya nini? Nimekaa kushoto, karibu naye, na pamba iliyobaki mfukoni. Ng'ambo ya pili, upande wa mjini, naona bendera. Mgeni rasmi anatungoja huko.

Tumeondoka. Nawaambia wahamie kulia. Wananijibu fundi anachagulia watu viti.

Nimeinama. Maji yamefika kwenye mstari wa tatu wa misumari. Nyufa ziko kwenye wa nne.

Katikati ya bwawa sasa. Wanaimba. Sakafu imelalia kwetu, kikapu cha mtu kimeteleza mpaka miguuni pangu. Mwanamkuu kakizuia kwa kisigino, bado anaimba.

Shilinde kakiona kikapu. Kaacha kuimba. Kanitazama. Nangoja anitanie — sanda, maziko, lolote. Badala yake kanitupia kopo la kuchotea maji.