Fundi wa Mlango na Mzee Aliyelala Ndani

Gatwiri uko? Nimeaibika leo mpaka nimejificha jikoni.

Ile fremu ya mlango wa mbele ilikuwa imelegea, ukifunga tu plasta inaanguka. Nikaita fundi wa mbali, wa Kangeta, asijue naishi peke yangu.

Alipofika nikafanya vile kina mama wa kanisa walinifunza. Nikaita huko chumbani, "Baba Mwenda, fundi amekuja, wewe lala tu."

Niliita kabisa, Gatwiri. Kwa sauti.

Akabomoa plasta mbovu, akasimamisha fremu, akasema, "Mama, mwambie mzee anishikie hapa nipige misumari."

Nikasema mgongo unamsumbua.

Akaweka nyundo chini. Halafu akasema polepole, "Shika wewe tu, mama. Mimi nilikuwa kwa mazishi yake."

Kwa mazishi yake. Na hakucheka hata kidogo. Nikashika hiyo fremu, akajaza simiti pande zote, akapiga plasta.

Akienda akaniambia watu wa nyumba wasiguse mlango mpaka simiti ikauke.

Nikamwambia sawa, nitawaambia.

Nitaambia nani, Gatwiri?