Taleri Zilizosuguliwa kwa Majivu

Magdeburg,
3 Septemba 1764

Mpendwa kaka yangu Balthasar,

Natumai barua hii itakukuta mzima huko Königsberg, wewe na wifi yangu Regina. Kifua chake kimepoa? Sisi huku wazima wa mwili, ila roho haijatulia.

Wajua mwanangu Ulrike amechumbiwa na Jobst, mtoto wa fundi mapipa. Fedha za kwenda nazo kwa mume, taleri arobaini, nilizidunduliza miaka yote ya vita. Sasa mfalme ameamuru sarafu za wakati wa vita zirudishwe hazina, na zipokelewe kwa kadiri ya fedha halisi iliyomo. Mimi sikushtuka. Zangu ziling'aa, nikajua ni njema.

Jumamosi mama yake Jobst alikuwa anakuja kuziona. Nikazisugua kwa majivu, kama ninavyosugua sahani zangu za bati tangu niolewe. Kaka, weupe wote ulibanduka ukabaki mikononi mwangu. Ikabaki shaba. Nililia palepale jikoni.

Sikupata hata nafasi ya kuzificha. Mama Jobst alizitazama, hakuvua hata shali. "Mama Ulrike, mwanangu haoi masufuria," akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini Ulrike alikwenda sandukuni, akaleta taleri yake ya ubatizo, ile uliyomfungia kwenye nguo zake za kichanga kabla ya vita. Akaiweka mezani pamoja na bakuli la majivu. "Sugua mwenyewe, mama," akamwambia Mama Jobst.

Yule mama alisugua mpaka akachoka. Taleri ikabaki nyeupe. Basi akasema msichana asiyeogopa majivu anamfaa mwanawe, ndoa itafungwa, ila taleri hiyo itangulie, iingie kwenye ada ya Jobst ya chama cha mafundi. Ulrike akaitikia papo hapo. Mimi nikakataa. Wajua tulivyolelewa: anayetumia taleri ya ubatizo ameuza bahati yake. Nikasema sharti baba yake wa ubatizo, yaani wewe, aruhusu. Tumepewa mpaka sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, mwishoni mwa mwezi huu.

Sikuombi fedha, kaka, nakuomba neno tu. Usiku silali, nawaza nimemponza mwanangu kwa usafi wangu. Andika upesi, na kwa herufi kubwa, macho yangu hayako sawa. Ulrike ameanza kuilaza taleri yako chini ya mto, kama anayeiaga.

Msalimie sana wifi, na watoto, Konrad na mdogo wake Lisbeth. Mungu awafunike kwa rehema zake.

Dada yako akupendaye na kukungoja,
Dorothea