Maji Aliyoyachuja Hooyo

Kilifi, 3 Februari 2025

Abaayo Rukiyo,

Asalaam aleykum. Mimi mzima, ila mgongo. Hooyo, mama yetu, anaendeleaje? Samli mliyonitumia naila kwa uchoyo.

Uliuliza kazi yangu. Navuta wavu baharini, mwembamba kama shashi, kisha naosha chupa hadi mikono ife ganzi. Mimi naona maji matupu. Lakini Daktari Mwanakombo, mtafiti wa bahari ninayemfanyia kazi, alinionyesha tone moja kwenye hadubini: wallahi, limejaa viumbe! Vingine kama vioo, vingine vina pembe. Anasema samaki wote wanaishi kwa hivyo. Nilicheka, kisha nikaomba kuangalia tena.

Kaka yako,
Yarrow

Griftu, 10 Februari

Walaal Yarrow,

Waaleykum salaam. Sisi wazima, mbuzi ndio si wazima. Bwawa limekuwa kijani kama mlango wa duka. Wanakunywa, wanatetemeka, wanaanguka. Jana amekufa yule mwekundu wa hooyo. Majirani wanahama, na hooyo kwa mguu ule hawezi safari. Mbuzi wakiisha, tutaishi kwa nini?

Huyo daktari wako wa vitu vidogo hawezi kutuangalizia? Nimempa dereva wa lori la mbuzi anayekuja huko chupa ya maji ya bwawa, nimeifunga kwa kitambaa.

Dada yako,
Rukiyo

Kilifi, 15 Februari

Abaayo,

Salaam, na pole nyingi kwa hooyo.

Daktari ameangalia, akasema, "Yarrow, haya ni masafi kuliko ya bomba letu!" Dereva akacheka: alimwona hooyo akiyachuja, eti si adabu kumpelekea mgeni maji machafu. Nilikata tamaa. Daktari akauliza, "Aliyachuja kwa kitu gani?" Kwa kitambaa hicho hicho ulichofungia chupa! Akakikamua, akaangalia tone lake kwenye hadubini.

Ujani ule ni viumbe vidogo kama hivi vyetu, ila vina sumu. Kuchemsha hakuiondoi. Zungushieni bwawa miiba, mnyweshe kisimani hata foleni ikiwa ndefu. Amempigia simu daktari wa mifugo, atakuja.

Kaka yako,
Yarrow

Griftu, 8 Machi

Walaal,

Ramadhani njema. Kisimani tunasukumana na ngamia wa watu, lakini tangu tuweke miiba hajafa mbuzi hata mmoja. Daktari wa mifugo alikuja, majirani wakamsikiliza, wengine wamerudi. Jana tumefuturu kwa maziwa yetu, alhamdulillahi.

Hooyo amecheka hadi akakohoa: "Kumbe nilimtumia heshima kwenye chupa, na ugonjwa kwenye kitambaa!"

Sasa anamwombea Daktari Mwanakombo kila swala, lakini anasema dua haijakamilika. Anataka jina la mama wa daktari pia, amwombee naye, aliyemzaa mtu wa kuhangaikia mbuzi asiowajua. Muulize upesi, walaal. Haniachi nilale.

Dada yako,
Rukiyo