Panga Sita za Kwenda Kuresoi

Jumanne, Aprili 2008. Nakuru.

Mvua haijakatika tangu asubuhi, na vidole vinanitetemeka ninapoandika. Si baridi.

Ni hofu. Naiandika hivyo hivyo kwa sababu daktari niliyemsikiliza Jumamosi alisema hofu ikitajwa kwa jina lake hupungua nguvu. Tutaona.

Sisi huuza vifaa vya shamba: jembe, mbolea, waya, panga. Duka lilianzishwa na babu wa mume wangu Salim, alipohamia huku kutoka Mombasa. Msimu huu wa kupanda ndio huwa wetu, na miaka yote nimeufurahia. Mwaka huu mteja akiingia nasikiliza kwanza lafudhi yake, kabla hata sijasikia anachotaka.

Januari, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, watu waligonga mlango wetu wa chuma wakitaka panga. Mimi na Salim tulilala kifudifudi nyuma ya mifuko ya simiti mpaka wakachoka wakaenda. Watoto tuliwapeleka kwa dada yangu Mombasa, na bado wako huko. Viongozi wameshapeana mikono. Redio kila saa ni amani, amani.

Mwili wangu bado haujapata habari hiyo.

Jumamosi jirani yangu alinivuta twende kanisani kwao, kumsikiliza daktari wa mambo ya ubongo. Nilikaa karibu na mlango, niweze kutoka haraka. Alieleza kwamba ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo, kama punje ya lozi, ambayo kazi yake ni kupiga kengele ya hatari. Hupiga mapema mno, kabla ile sehemu ya mbele, ya kufikiri, haijapata nafasi ya kuuliza ni nani anayekuja. Na ukishaumizwa na watu fulani, kengele humlilia kila anayefanana nao. Hiyo si roho mbaya, alisema, ni ubongo unaojaribu kukulinda. Ila ubongo hufundishika hata ukubwani. Toa pumzi polepole, iwe ndefu kuliko uliyovuta. Kisha mwulize huyo mtu swali ambalo hujui jibu lake. Huruma nayo, alisema, hukua kwa mazoezi.

Mama mmoja nyuma akauliza, "Na kama ni yeye kweli alichoma nyumba yangu?"

Daktari alimgeukia. Akasema basi kengele ina haki ya kulia. Pumzi haikuambii umfungulie mtu mlango, inakusaidia tu kumwona vizuri aliyesimama pale.

Leo mchana Salim alikuwa ameenda kuswali, nikabaki peke yangu. Akaingia mwanaume wa makamo mwenye gambuti, viatu virefu vya mvua, koti limelowa chapachapa. Alipofungua mdomo, lafudhi ilikuwa ile ile niliyoisikia nje ya mlango Januari.

"Mathe, nipatie panga sita."

Mtu mmoja, panga sita za nini?

Masikio yaliziba. Nikasikia mdomo wangu ukisema zimeisha.

Zilikuwa zimening'inia ukutani nyuma yangu. Alizitazama, akanitazama mimi, wala hakubishana. Aliinamisha kichwa tu akageuka kwenda zake, kama mtu aliyeshazoea kujibiwa hivyo.

Ni hako kamgongo kake kalikonifanya nikumbuke kupumua. Nikatoa pumzi. Nikajiambia kimoyomoyo: hii ni hofu. Nikatoa nyingine. Moyo haukutulia kama nilivyoahidiwa, lakini ulinipa nafasi ya swali moja. Nikamwuliza anataka kupanda nini.

Viazi, alisema. Akanieleza akiwa bado mlangoni, maji yakimtiririka kutoka kwenye kofia. Ni mtu wa Kuresoi. Nyumba yake ilichomwa na hajakanyaga shamba tangu siku hiyo. Ameambiwa kichaka kimefika kiunoni. Kesho yeye na ndugu zake watano wanarudi kufyeka, wakitumaini mbegu itawahi mvua.

Nikaziteremsha. Ziligongana, na uliposikika ule mlio wa chuma, yeye akaruka nyuma. Tukabaki tunatazamana, meza ikiwa katikati yetu.

Ndipo akasema, kwa sauti ya chini, "Nifungie na gunia, mathe, zisionekane kabisa. Watu wa huko njiani wakiniona nazo wataogopa." Akapangusa uso. "Hata mimi nikiona mtu na panga, natoroka."

Nikazifunga kwa magunia mawili na kamba ya katani. Alinisaidia kushika fundo kwa kidole.

Salim aliporudi nilimweleza. Aliketi juu ya mfuko wa mbolea. Kisha akaniuliza kama nina hakika na maneno ya yule mtu.

Sina. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi sasa. Huenda nimemsaidia mtu kurudi nyumbani kwake. Huenda nimefanya jambo ambalo nitalisikia redioni. Daktari hakutupa dawa ya hiyo.

Na kuna kitu kimoja sikumwuliza. Jina lake. Swali lilikuwa kwenye ncha ya ulimi nikalimeza, kwa sababu katika mji huu jina moja linatosha kukuonyesha kabila la mtu, na niliogopa nikilisikia nitazirudisha panga ukutani.

Akirudi kununua jembe, nitathubutu kumwuliza?