Baba Ndani ya Handaki

Jumatatu, 3 Juni

Uji wa kwanza baba kaukataa. Nikaurudisha jikoni, nikaukoroga, nikauleta tena kwenye kikombe kingine. Kaunywa. Hiyo ndiyo akili yangu siku hizi.

Nikamwogesha. Nikamvalisha sweta mbili. Ukungu umeshuka mpaka migombani, hata choo hakionekani. Baba kauliza kwa nini leo Mnazi kuna baridi hivi. Alifundisha Mnazi kabla sijazaliwa, kule chini kwenye joto. Nikamwambia ni mvua. Kauliza mama yuko wapi. Nikasema kaenda sokoni. Mama tulimzika mwaka jana. Zamani nikisema hivyo kifua kilikuwa kinabana. Leo hakikubana. Nilisema tu, kama mtu anayetaja saa.

Alipolala mchana nikashika simu. Kumbe kuna watu bado wanacheza Handaki, gemu letu la utotoni! Na si wachache. Wana jukwaa lao mtandaoni, wametoka kila nchi, wanabishana kuhusu milango na bunduki utafikiri wanagawana shamba. Nikajiandikisha. Nikalipakua kwenye laptop. Gemu zima ni jepesi kuliko video moja ya harusi.

Nikalifungua. Mlango wa kwanza ukalia vilevile, kama bati linaloburutwa kwenye sakafu. Nikasubiri nione kama nitafurahi. Basi.

Jumatano, 5 Juni

Handaki ni jina letu la nyumbani. La Kiingereza hakuna aliyelitumia. Unaona mikono yako na bunduki tu. Unatembea kwenye korido za mawe, mashetani wenye pembe wanatokea, unawapiga. Sura zao ni vimraba, kama vigae vya bafuni. Tulikuwa tunaogopa kweli.

Lilikuja ndani ya kompyuta ambayo shule ilitaka kuitupa. Baba akaiomba. Alikuwa mwalimu wa hesabu, hapakuwa na kitu kilichomshinda kutengeneza. Jumamosi mimi na Amosi kaka yangu tulicheza kwa zamu, baba kasimama nyuma yetu na kikombe cha chai. Mwisho wa yote alicheza yeye. Alichora ramani za korido nyuma ya karatasi za mitihani, akapima hata pembe za kona. Mama aliliita mchezo wa kuzimu, na Jumapili alikuwa anaifunika kompyuta kwa kitenge.

Leo nilicheza yeye akisinzia kwenye kiti. Nikakwama. Mahali pale pale nilipokuwa nakwama nikiwa darasa la sita. Mashetani wawili, risasi zimeisha, hakuna pa kutokea.

Sauti ikatoka nyuma yangu.

"Kushoto. Ukuta wa tatu."

Sauti ya darasani. Nikageuka. Alikuwa macho, anatazama kioo. Nikaenda kushoto, nikausukuma ukuta wa tatu. Ukafunguka.

Mimi ananiita dada. Hajui jina langu tangu Krismasi.

Jumamosi, 8 Juni

Nimemkalisha mezani. Nimemwekea mikono kwenye vitufe vya mishale. Mikono hii haiwezi kufunga vifungo vya shati. Kijiko kinamwangukia.

Kacheza.

Hakukosea kona hata moja. Akifika mlangoni anasimama kidogo, anasikiliza, ndipo anaingia. Anawatukana mashetani kwa Kishambaa, matusi mazito ambayo sikujua anayajua. Amemaliza korido ya kwanza yote na kuanza ya pili. Kisha kachoka, kaangalia mikono yake kama ya mtu mwingine, kauliza kama kengele imeshalia.

Nilipaswa kulia pale. Nilijua kabisa kwamba hapa mtu analia. Nikaenda kugeuza maharage.

Jumapili, 9 Juni

Sikwenda kanisani. Baba kacheza tena. Nikamrekodi video kwa simu, nikairusha kule jukwaani. Nikaandika kwa Kiingereza changu cha shule: huyu ni baba yangu, amesahau majina yetu, njia hajasahau.

Sijui kwa nini niliirusha. Nadhani nilitaka mtu mwingine aione, ili iwe imetokea kweli.

Jumanne, 11 Juni

Wameipenda. Ujumbe ni mwingi, sijausoma wote. Watu wazima, baba za watu, wanasema wamelia. Mmoja kasema baba yake naye yuko hivyo, na kesho atamfungulia gemu. Ninasoma kama ninavyosoma mabango ya barabarani.

Mkenya mmoja, anajiita Kobe Mzee, ni msimamizi pale. Kaniandikia kwa Kiswahili. Anakaa Nakuru. Anauliza mzee anakula nini, analala vipi, na mimi nani ananisaidia. Swali la mwisho sikulijibu. Ningesema Mama Rukia, jirani, anayekuja kukaa naye nikienda mashineni kusaga. Lakini hilo si jibu la alichouliza.

Amosi yuko Dar es Salaam. Anatuma dawa, anapiga simu kila Ijumaa. Mimi ndiye niliyeacha darasa langu Korogwe, kwa likizo isiyo na malipo. Ilitakiwa iwe ya miezi michache. Sina kinyongo. Sina chochote.

Alhamisi, 13 Juni

Video imetoka jukwaani. Mtu kaichukua, kaikata, kaiwekea muziki na maandishi: BABU MUUAJI. Imezunguka. Leo asubuhi imefika kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi wa zamani wa baba. Mama Rukia kanionyesha, simu kaishika mbali na mwili wake kama kitu kinachovuja.

Watu wanacheka. Wengine wanauliza huyu si Mwalimu Yafeti? Mzee wa kanisa yule? Mtu mmoja kaandika: hebu tazameni suruali.

Nikatazama. Suruali imelowa. Kuanzia kiunoni mpaka gotini, inaonekana wazi kabisa. Nilikuwa nimesimama pale na simu mkononi, nikaangalia vidole vyake tu.

Mtu ambaye hakuwahi kuingia darasani bila tai.

Nimemwandikia Kobe. Kaifuta ya jukwaani papo hapo. "Pole sana dada yangu," kaandika. "Lakini hiyo ingine ishatoka nje. Hatuwezi kuishika."

Ijumaa, 14 Juni

Amosi kapiga. Hakusalimia.

"Umemvua baba nguo barabarani, Naomi."

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Ofisini kwangu wameniletea. Kijana mdogo, ananionyesha anacheka, hajui ni baba yangu. Nami nikacheka! Unasikia? Nilicheka ili asijue."

"Nasikia."

"Ulikuwa unafikiri nini?"

"Nilikuwa naangalia vidole."

"Vidole gani?"

Kasema anakuja Jumapili, Jumatatu ni Idi hakuna kazi, anamchukua baba. Kasema mimi nimechoka na mtu aliyechoka hatazami vizuri. Kalisema kwa hasira, lakini ni kweli. Nikasema sawa.

Baba kauliza nani alikuwa kwenye simu. Nikasema Amosi. Kasema hamjui.

Jumamosi, 15 Juni

Nimefua nguo zake zote. Hazikauki kwa ukungu huu. Nimezianika jikoni juu ya moto, sasa zinanuka moshi. Mkewe Amosi atasema.

Laptop sikuifungua. Baba kakaa mezani muda mrefu, anabonyeza meza.

Jumapili, 16 Juni

Niandike yote, nisije nikasahau na mimi.

Amosi kafika kwa gari kabla ya saa sita. Zile kona za kutoka Mombo zilimtapisha, uso umempauka. Suti, begi la mkononi, viatu vya kung'aa. Sikujua atakuja na suti. Nadhani alitaka kupita mjini ameheshimika, baada ya yale.

Baba alikuwa barazani. Alimwona anapanda ngazi. Akajishika kwenye mkono wa kiti, akasimama. Peke yake! Sijamwona akisimama peke yake tangu Pasaka. Akanyoosha sweta. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Bwana Mkaguzi."

Amosi kasimama kwenye ngazi. Kaniangalia mimi.

"Baba, ni mimi. Amosi."

"Shikamoo," baba karudia. Kwa sauti ya chini sasa. Akilini mwake alikuwa kijana kwenye kituo chake cha kwanza, mkaguzi mkubwa wa shule hamjibu. Niliona hofu usoni mwake, hofu ya kweli, ya mtu anayedhani ameharibu kazi.

Hatukulelewa hivyo. Amosi aliwahi kuchapwa kwa kumpita bibi mmoja njiani bila shikamoo. Sasa baba ameinama mbele yake, anangoja.

"Marahaba," Amosi kasema. "Marahaba, mwalimu."

Baba kakaa. Uso ukalainika wote.

Amosi kaweka begi chini, kapita nyumba, kaenda nyuma ya jiko. Nikamsikia. Alikuwa analia kama anavyolia mtoto aliyeanguka, kwa kukatakata. Nikasonga ugali. Sikujua nimfanyie nini, na ugali ungeungua.

Tulipomaliza kula baba kataka kumwonyesha mkaguzi kazi za vijana. Kaelekeza laptop. Nikamtazama Amosi. Kaitikia kwa kichwa. Nikaifungua.

Baba kamkalisha Amosi kwenye kiti, yeye kasimama nyuma, kashika bega lake.

"Hapa vijana wanajifunza pembe," kasema. "Watu wanasema mchezo wa kuzimu. Siyo. Tazama kona ile. Ukiingia wima unakufa. Ukiingia kwa pembe, unamwona yeye kabla hajakuona."

Amosi akaingia kwa pembe.

"Vizuri. Una mkono mzuri, Bwana Mkaguzi. Una watoto?"

"Wawili."

"Na mimi wawili. Wa kike ana subira mpaka inatisha. Wa kiume ana haraka. Ananitoroka kwenye hesabu. Lakini simgombezi sana, ana moyo mwepesi, akigombezwa hali chakula."

Amosi hakugeuka. Aliendelea kubonyeza mishale. Kwenye kioo alikuwa anatembea ukutani tu, haendi popote.

"Wako wapi hao watoto?" kauliza.

Baba kafikiri. Kaangalia dirishani, kaniangalia mimi, macho yakapita.

"Watakuja," kasema. "Shule haijatoka."

Jumatatu, 17 Juni

Mama Rukia kaleta pilau ya Idi kwenye sinia, kafunika na kitambaa. Kakaa nasi. Hakutaja video. Kamwita baba mwalimu, kama siku zote.

Asubuhi Amosi ndiye aliyemwogesha. Alikataa nisaidie. Wamekaa bafuni muda mrefu, maji yamepoa, nikapeleka mengine. Alipotoka alikuwa amelowa yeye kuliko baba. Kasema, "Unafanya hivi kila siku?" Nikasema ndiyo. Kasema, "Na nani anakuogesha wewe?" Nikacheka. Sauti ilitoka vibaya.

Tumekubaliana. Si kwa hasira tena. Baba anakwenda Dar kwa muda, kisha tutaona. Huko kuna mke wa Amosi, kuna watoto, kuna dada wa kazi. Mimi nilale kwanza. Nilitaka kubisha. Nikatafuta cha kubishia, sikukipata.

Tatizo lilikuwa namna ya kumwingiza garini. Mwezi uliopita kwenda hospitali tu alinipiga. Amosi kasimama mbele yake, kakohoa.

"Mwalimu Yafeti, unahitajika makao makuu."

Baba kaomba tai. Nikamfunga ile ya buluu. Nikamfunga vifungo vyote, kimoja kimoja, nikavikagua. Suruali kavu. Nimeikagua mara ya pili.

Mlangoni mwa gari kaniambia, "Asante, dada. Umenitunza vizuri hapa. Waambie nyumbani nitachelewa."

Nikasema nitawaambia.

Gari likazunguka kona. Nikaokota ganda la ndizi uani.

Jumatano, 19 Juni

Jana nimelala mchana kutwa. Nimeamka, nimekula pilau iliyobaki nikiwa nimesimama, nimelala tena.

Leo Amosi kapiga. Baba kafika salama, kala, usiku kaamka mara moja tu. Joto anaona la kawaida. Wajukuu wamemzoea. Anawauliza hesabu za mdomo.

Nimeshuka mjini kununua mkaa na sabuni. Nilikuwa nataka nisikutane na mtu. Pale dukani penye mabati mwanaume mmoja kanisimamisha, fundi, nywele zimejaa vumbi la mbao. Kasalimia vizuri. Kasema alisoma kwa baba. Nikajua kinachofuata, nikajikaza.

"Nilimwona mwalimu kwenye simu," kasema. "Kwetu tumeitazama mimi na mke wangu. Nikamwambia, umeona anavyosimama mlangoni kabla ya kuingia? Ndivyo alivyokuwa anasimama mlangoni kwetu. Darasa zima tunanyamaza."

Nikasema ndiyo, ndivyo.

"Mpe salamu zangu. Hata kama hatanijua."

Kanisaidia kujitwisha mkaa. Nikapanda. Kwenye ile kona ya mikaratusi machozi yakaanza yenyewe, bila sauti, siku nzuri kabisa, watu wanapita. Nikatua mzigo. Nikakaa juu ya jiwe mpaka yakaisha. Yalichukua muda wake. Hakuna aliyeniuliza kitu, ila mama mmoja mwenye karoti kapunguza mwendo, kaniambia pole, kaendelea.

Nikajitwisha tena, maana wingu lilikuwa linashuka, na shuka nilikuwa nimezianika nje.