Kopo la Dorika Halitaki Jua

Jumatatu, 1 Septemba 1975

Umekaa mno, Dorika mjukuu wangu. Mahindi yamevunwa, yamepukuchuliwa, yameingia ghalani, wewe hujaonekana. Mikumi ni mbali gani? Basi lipo, treni ipo, miguu unayo. Mke mwenza gani wewe, unaniachia nyumba peke yangu unakwenda kufua mashuka ya wageni. Najua hutasoma haya. Naandika kwa kuwa sasa nimejua kuandika, na hasira lazima itoke mahali.

Nimefagia. Nimeteka maji. Nimenywesha kopo lako.

Ua limefifia. Vikonyo vimerefuka, vyembamba kama nyuzi. Tangu tuhamishiwe kijiji hiki halijachanua hata mara moja. Nimeliweka pembeni, nyuma ya mtungi, kuna giza.

Ulipozaliwa mama yako hakuamka tena. Kitovu chako nilikizika mwenyewe kule mlimani, kwenye mwamba wa chemchemi, chini ya ua hili. Kwetu ukishazika kitovu chini ya mmea, mmea ule ni mtu. Walipotuambia tushuke bondeni niliacha kinu, niliacha na mlango. Hili nililing'oa na udongo wake wote, nikalitia kwenye kopo la mafuta ya kupikia.

Likifa sijui nitakwambia nini. Najua. Sitakuwa na wa kumwambia.

Jumatano, 3 Septemba

Leo kisomo cha watu wazima. Tumesoma habari za pamba. Nimesoma mwenyewe, kwa kidole, bila kusaidiwa: mmea hutaka jua. Nikarudia. Mmea hutaka jua. Bibi mzima, nilikuwa namficha mtoto gizani, na kitabu kinajua.

Nimerudi moja kwa moja, nikatoa kopo nje, nikaliweka kizingitini. Jua la saa sita. Halina kivuli hata cha kuku.

Nimefurahi. Nimekula vizuri.

Jumamosi, 6 Septemba

Majani yamepata mabaka ya kahawia, kama mtu aliyemwagikiwa uji wa moto. Yale manyoya yake laini, kama sikio la ndama, yamelala. Nikasema ni kiu. Nikamwagia maji juu ya majani, jua likiwa kali. Yakazidi.

Nimeyagusa. Yana joto. Si joto la kitu kilichoachwa juani. Joto la paji la uso. Nimelea watoto, nalijua joto hilo.

Nikarudisha mkono haraka, kama mwizi. Lakini kitabu kimesema. Nimeliacha nje.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani sikusikia neno. Nilirudi kabla ya baraka.

Nimeliingiza ndani. Nimelisukuma chini ya kitanda chako na kulifunika kanga. Lipoe.

Jioni nimefunua kidogo. Majani yote yamegeukia upande mmoja, kwenye mto wa kichwa chako. Upande ule hakuna mwanga. Kuna ukuta tu. Nimezungusha kopo, nikafunika tena.

Jumanne, 9 Septemba

Nimefunua. Yamerudi kwenye mto.

Nimezungusha tena. Sijamwambia mtu. Nimwambie nani, ataniuliza nilikuwa nalala na nini chumbani.

Alhamisi, 11 Septemba

Mama Paulo, jirani yangu, amerudi Mikumi alikokwenda kuuza vitunguu. Alipiga hodi, akakaa kabla sijamkaribisha. Nikajua.

Dorika ni mgonjwa. Yuko kwenye kijichumba cha nyuma cha nyumba ya wageni anakofanya kazi. Hakina dirisha, magunia yamejaa mpaka juu. Homa. Mama Paulo amemkanda maji siku zote alizokuwa kule. Anasema mwanzoni alikuwa analia jambo moja tu, amelala ndani kwenye kivuli hivyo hivyo: "Bibi, nitoe juani."

Nikamuuliza na sasa analia nini.

Akasema halii tena. Tangu Jumapili amenyamaza. Mchana kweupe, mlango uko wazi, anauliza kwa nini wamezima taa.

Mama Paulo alidhani nalia kwa huruma. Nilikuwa nalia kwa woga. Jumapili ni mimi niliyefunika.

Sikumwonyesha chini ya kitanda. Nimekaanga kuku, nimesaga ulezi, nimemwomba arudi kesho na basi. Amekubali, Mungu amlinde. Angeniuliza kwa nini siendi mwenyewe ningesema mguu. Si mguu. Nikienda, nani atalinda kopo? Nikienda nalo, barabara yote ni jua, na ndani ya basi watalikalia.

Nimeondoa kanga. Majani ni meupe kwenye shina. Nimeyaambia samahani. Mtu mzima, naongea na kopo.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimeamka nimejua. Mjinga mimi. Naishi na ua hili tangu ujana wangu, nimekwenda kukiuliza kitabu cha pamba.

Kule mwambani jua halikuligusa hata siku moja. Mwamba ulikuwa umeinama juu yake kama mama anayenyonyesha. Wala hapakuwa giza. Mwanga uliingia kwa pembeni, ukapiga maji, ukarudi laini. Ungeweza kumwona sisimizi akipita, lakini mkono wako haukuweka kivuli. Ndio mwanga wake. Upande wa mlima.

Nyumba hii madirisha yote yanatazama barabara, ndivyo tulivyopangiwa. Jua linaingia lote au haliingii kabisa. Upande wa mlima ni ukuta mtupu.

Nimechukua jembe, nikatoboa ukuta wa nyuma. Nimekata fito, nimebomoa udongo, tundu la kutosha kichwa. Juu yake upenu, kwa hiyo jua halifiki. Nimeweka kigoda, kopo juu ya kigoda, mkono mmoja kutoka kwenye tundu. Chini yake sufuria la maji, ili mwanga upate pa kupiga.

Balozi wa nyumba kumi alisikia kishindo akaja. Shikamoo bibi, marahaba, kisha akaanza: nyumba zote zinafanana, leo wewe unatoboa, kesho kila mtu atatoboa. Nikamwambia, "Mwanangu, ukuta huu nimeukandika kwa mikono yangu. Nikitaka kuutoboa namwomba ruhusa nani, udongo?"

Akacheka. Kisha akaona majani yamegeukia kitandani, yameipa mgongo ile nuru. Akaacha kucheka. Akasema atarudi siku nyingine. Hakuaga.

Jumanne, 16 Septemba

Jani moja limeinuka. Dogo, la katikati. Limegeukia tundu.

Mengine bado yanatazama mto. Sijazungusha kopo. Yageuke yenyewe.

Sili vizuri.

Ijumaa, 26 Septemba

Mama Paulo amefika mchana huu. Dorika ameketi. Amekula ugali, amelalamika chumvi haitoshi. Huyo ni yeye.

Anasema siku alipofika kule na uji wangu, Ijumaa ile, alimkuta kwa mara ya kwanza amefumbua macho vizuri, anatazama ukutani. Aliuliza nani amefungua dirisha. Mama Paulo akamwambia chumba hakina dirisha, mwanangu. Akajibu lipo, dogo, upande wa kichwani, na kuna maji chini yake.

Nimempa Mama Paulo kibuyu cha maziwa na kanga yangu mpya.

Majani yote yametazama tundu. Katikati kuna kichomozi cha ua la zambarau, hakijafunguka. Nimekaa nacho mpaka chai ikapoa.

Ukipata nguvu uje, mke mwenzangu. Ukifika usizunguke nyuma kunishtua kama ulivyozoea. Pita mlango wa mbele, upige hodi kama mgeni. Usisimame kwenye tundu, hata kwa utani. Mwanga ule usiuzibe.